Kompyuta ya sebuleni: kwa nini kizazi kilichokataliwa na Windows 11 kinaweza kumfaa mnunuzi wa Mwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wamepewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, kompyuta ambayo haikidhi masharti ya Windows 11 itabaki bila ulinzi, hata kama haina ubovu wowote.

Kwa kampuni na ofisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, uamuzi huo una maana moja: mashine za zamani zitolewe, mpya ziingie. Sehemu ya zinazotolewa husafiri hadi Afrika Mashariki na kuuzwa kama kompyuta zilizotumika. Ndizo zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya katikati ya jiji la Mwanza, na kutoka hapo huvuka kwenda Sengerema, Geita, Musoma na visiwa vya Ukerewe.

Baadhi ya wanunuzi hawazitaki kwa ajili ya kazi za ofisi. Wanataka kuziunganisha na runinga ya sebuleni, au na projekta ya kibanda umiza, ziwe mashine ya kuangalia filamu, tamthilia, mahubiri, marudio ya mechi na video za YouTube. Kwa kuwa Windows 10 imefika mwisho, wengi wao wanashauriwa kuweka Linux, mfumo endeshi usiolipiwa.

Ushauri huo ni mzuri, lakini una sharti moja ambalo mara nyingi halitajwi dukani. Kwenye Linux, mashine ya video huwa nzuri au mbaya kutegemea chipu inayoshughulikia picha. Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua, na kwa nini mtu anaweza kulipia kadi ya ziada na bado akawa na picha inayokwamakwama.

Kinachofanya video ikwame

Video unayoangalia haihifadhiwi kama ilivyopigwa. Faili lingekuwa kubwa mno kubebwa kwenye flashi au kupitishwa kwenye bando. Kwa hiyo hubanwa kwa kanuni maalumu inayoitwa kodeki, kisha kifaa cha mtazamaji hulifungua faili hilo, picha moja baada ya nyingine, mara 25, 30 au 60 kwa sekunde.

Kodeki zimekuwa zikibadilika. H.264 ilitoka mwaka 2003 na hadi leo ndiyo inayofunguka karibu kwenye kila kifaa. Mwaka 2013 zilikuja mbili: H.265, inayoitwa pia HEVC, na VP9 ya Google, inayotumiwa sana na YouTube. Mwaka 2018 ikaja AV1, iliyotengenezwa na muungano wa kampuni kubwa za teknolojia ili itumike bila ada ya hataza. Kila kodeki mpya hubana zaidi kwa ubora uleule. Kwa mtu anayenunua bando, au anayejaza filamu kwenye diski yenye nafasi ndogo, hilo ni jambo la fedha.

Ugumu unaanzia kwenye kufungua. Kadiri faili linavyobanwa zaidi, ndivyo kulifungua kunavyohitaji hesabu nyingi zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa chipu huweka sehemu ndogo maalumu yenye kazi hiyo tu. Ikiwa sehemu hiyo inaijua kodeki husika, filamu huenda vizuri, mashine inabaki ya baridi na feni haisikiki. Ikiwa haiijui, kazi yote hubebwa na prosesa. Hapo feni huanza kuvuma, umeme hutumika zaidi, na kwenye mashine dhaifu picha huruka huku sauti ikitangulia.

Wakazi wa Mwanza wamewahi kuona jambo kama hili likitokea kwa siku moja. Tarehe 28 Februari 2013 mitambo ya analojia ilizimwa jijini humo, baada ya Dar es Salaam kuanza tarehe 31 Desemba 2012 na Dodoma na Tanga kufuata mwezi Januari. Runinga nzima kabisa ikawa haionyeshi matangazo hayo bila king'amuzi. Kodeki hufanya vivyo hivyo, ila polepole na bila tangazo la serikali: mafaili yanabadilika kidogo kidogo, hadi siku mwenye mashine anapogundua kwamba nusu ya filamu alizoletewa hazichezi vizuri.

Mstari wa Microsoft na mstari wa picha

Windows 11 inataka, pamoja na masharti mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Kizazi husomwa kwenye namba ya prosesa: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-6500 ni cha sita, i5-7500 ni cha saba, i5-8500 ni cha nane.

Sasa angalia uwezo wa video wa prosesa hizohizo, kwa kutumia grafiksi iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, bila kadi yoyote ya kuongeza.

Kizazi cha nne, cha mwaka 2013, hufungua H.264 vizuri lakini hakina sehemu ya kufungua H.265 wala VP9.

Kizazi cha sita, cha mwaka 2015, kinaifungua H.265 ya biti 8. Ile ya biti 10, inayotumika kwa filamu nyingi za 4K na katuni za Kijapani, inamshinda.

Kizazi cha saba, ambacho kompyuta zake za mezani zilianza kuuzwa Januari 2017, hufungua H.264, H.265 ya biti 8 na ya biti 10, pamoja na VP9. Kwa video, kizazi cha nane kiko karibu sawa nacho.

AV1 ndiyo pekee kati ya hizi isiyokuwemo. Kwa Intel ilianza kizazi cha 11, mwaka 2020. Hata hivyo, prosesa yenye viini vinne kama i5-7500 inaweza kuifungua AV1 ya kiwango cha 1080p kwa nguvu zake yenyewe, kwa kutumia programu huria ya dav1d iliyomo ndani ya vicheza video vingi.

Hapa ndipo kuna nafasi kwa mnunuzi. Microsoft imechora mstari kati ya kizazi cha saba na cha nane. Kwa video, mstari unaomhusu mtazamaji uko kati ya cha sita na cha saba. Mashine ya kizazi cha saba imekataliwa na Windows 11, na hilo huishusha thamani sokoni. Lakini kwa kazi ya sebuleni chini ya Linux, inafanya karibu kila kitu ambacho ya kizazi cha nane inafanya. Anayejua hilo hana sababu ya kulipia tofauti ya bei kati ya hizo mbili.

Kuna sababu nyingine ya kuzitazama mashine za zamani wakati huu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu za RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la bidhaa za wateja wa kawaida. Kompyuta mpya zinabeba mzigo huo wa bei. Iliyotumika, inayokuja na RAM yake ya GB 8 ndani, inatosha kwa Linux na kazi ya video.

Kadi ya kuongeza: lini inafaa?

Dukani swali la kawaida kuhusu grafiksi ni "ina GB ngapi?" Kwa michezo ya kompyuta swali hilo lina maana. Kwa video halisemi lolote. Kadi ya GB 2 au GB 4 yenye chipu ya mwaka 2012 haitafungua H.265, na grafiksi ndogo ya ndani ya i3-7100, isiyo na hata GB moja ya kwake, itaifungua bila shida.

Mfano mzuri ni GT 710 ya NVIDIA, kadi ndogo inayopatikana kwa bei ya chini. Chipu yake ni ya familia ya Kepler. Inafungua H.264, na H.265 haiwezi. Mtu mwenye mashine ya kizazi cha nne anayeinunua ili "kuongeza nguvu ya video" anabaki palepale alipokuwa, kwa kuwa H.264 ilikuwa tayari ikifunguliwa na prosesa yake.

Kadi ya kuongeza inahitajika katika hali tatu. Ya kwanza ni pale prosesa inapokuwa haina grafiksi ndani. Hizi ni pamoja na zile za Intel zenye herufi F mwishoni mwa namba, kama i5-9400F, na Xeon nyingi zinazokuja kwenye kompyuta kubwa za kazi za uhandisi. Ya pili ni pale mtu anapokuwa tayari na mashine ya kizazi cha nne na hana mpango wa kuibadilisha. Ya tatu ni pale anapohitaji AV1 kwa kiwango cha 4K.

Katika hali hizo, GT 1030 ya mwaka 2017 hufungua H.265 ya biti 10 na VP9 kwa umeme wa takriban wati 30. RX 550 ya AMD, ya mwaka huohuo, hufungua H.265 lakini VP9 haimo. RX 6400 ya AMD inazo zote mbili ila haina AV1, ingawa kadi kubwa za familia yake zinayo. Arc A310 ya Intel, iliyotoka 2022, inafungua zote nne. Lakini inahitaji Linux yenye kiini kipya, toleo la 6.2 au zaidi, na hupatikana kwa shida zaidi sokoni.

Kabla ya kununua yoyote kati ya hizi, piga hesabu. Mara nyingi bei ya kadi ikijumlishwa na thamani ya mashine ya kizazi cha nne hukaribia bei ya mashine ndogo ya kizazi cha saba, ambayo haihitaji kadi kabisa.

Nani anaendelea kuhudumia vifaa vya zamani?

Chipu haitoshi bila draiva, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia. Hapa kampuni tatu zimechukua njia tofauti, na matukio ya miezi ya karibuni yameonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Draiva za Intel na AMD kwa Linux ni huria. Sehemu kubwa iko ndani ya kiini cha Linux chenyewe na kwenye mradi wa Mesa. Mtu akiweka Linux Mint, Ubuntu au Debian, picha inafanya kazi bila kutafuta kitu kingine. Kwa kuwa programu zake ziko wazi, wajuzi wengine wanaweza kuendelea kuzitunza hata baada ya kampuni kuacha kuuza kifaa. Kadi za AMD za zaidi ya miaka 10 iliyopita bado zinapata marekebisho kwa njia hiyo.

NVIDIA kwa miaka mingi imetegemea draiva yake iliyofungwa. Ikiamua kuacha, hakuna anayeweza kuendelea kwa niaba yake. Toleo la 470, lililokuwa la mwisho kwa kadi za Kepler kama GT 710, lilifikia mwisho wa huduma mwaka 2024. Mwishoni mwa 2025 ikaja zamu ya familia za Maxwell, Pascal na Volta. Tawi la 580 ndilo la mwisho kuzihudumia, na lile lililofuata la 590 limeziacha. Miongoni mwa zilizoachwa ni GTX 750 Ti, GTX 960, GTX 1050, GTX 1060 na hiyohiyo GT 1030.

Kadi hizo hazijafa leo. Tawi la 580 litaendelea kupata marekebisho kwa miaka michache, na mwenye nayo anaweza kubaki humo. Lakini anayenunua sasa ajue kwamba saa imeanza kuhesabu. Ipo draiva huria iitwayo nouveau inayoziendesha kadi za NVIDIA, ila kwa kadi za Pascal haiwezi kuitumia ile sehemu ya kufungulia video. Picha itaonekana, na mzigo wa kufungua utarudi kwa prosesa.

Intel na AMD nazo hazikosi vikwazo, na vingine haviko mikononi mwao. Februari 2024 AMD ilieleza kwamba taasisi inayosimamia HDMI imekataa ombi la kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva huria. Kwa runinga ya 1080p au ya 4K ya kawaida hilo halina athari kubwa; linawagusa wenye skrini za 4K za kasi ya 120. Mwaka 2022 wasimamizi wa toleo la Fedora waliondoa uwezo wa kufungua H.264 na H.265 kupitia Mesa kwa hofu ya hataza, hivyo mtumiaji wa AMD kwenye Fedora hulazimika kuongeza vifurushi kutoka nje. Novemba 2025 iliripotiwa pia kwamba HP na Dell zimeizima H.265 kwenye baadhi ya laptopu zao za kibiashara, ingawa chipu iliyomo inaiweza. Ada za hataza za H.265 zilikuwa zikitarajiwa kupanda Januari 2026.

Maamuzi yote hayo yamefanyika mbali na Mwanza, kwa sababu zisizohusiana na Mwanza. Lakini ndiyo yanayoamua kama mashine iliyonunuliwa hapa itadumu mwaka mmoja au miaka mitano. Mnunuzi hawezi kuyabadilisha. Anachoweza ni kuchagua kifaa ambacho uhai wake hautegemei sana uamuzi wa kampuni moja.

Hesabu ya umeme

Grafiksi huonekana pia kwenye LUKU. Chukulia mashine mbili. Ya kwanza ni kompyuta kubwa yenye prosesa ya zamani na kadi ya kuongeza, inayotumia wati 100 wakati wa kucheza filamu. Ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisi, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, inayotumia wati 20 kwa kazi ileile. Tofauti ni wati 80.

Kwa saa sita kwa siku, tofauti hiyo ni uniti 14.4 kwa mwezi. Kwa bei ya kundi la T1 iliyotangazwa na EWURA mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni takriban shilingi 4,200 kwa mwezi, au shilingi 50,000 kwa mwaka. Kibanda kinachofunguliwa saa 10 kwa siku kinafikisha uniti 24, yaani zaidi ya shilingi 7,000 kila mwezi.

Kwa familia iliyo kwenye kundi la D1, la wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uzito wake ni mkubwa zaidi. Uniti 14.4 ni karibu moja ya tano ya kikomo hicho. Mashine inayokula umeme ovyo inaweza kuwa ndiyo inayoivusha nyumba hadi kwenye bei ya juu. Visiwani, kama Ukara ambako gridi ndogo ya sola ilianza kazi Bwisya mwaka 2016, au kwa anayetumia betri na inveta umeme unapokatika, wati 80 ndiyo tofauti kati ya kumaliza filamu na kuizimia njiani.

Joto na vumbi navyo viingizwe kwenye hesabu. Kadi yenye feni ndogo huvuta vumbi, na karibu na ziwa huvuta pia wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku kwa makundi. Feni ikiziba, chipu hupata joto na kupunguza kasi yake. Mashine isiyo na kadi ina feni moja pungufu ya kusafisha.

Kile ambacho chipu nzuri haitatui

Kuna mambo ambayo hakuna kadi itakayoyarekebisha, na muuzaji mwaminifu anapaswa kuyasema.

Huduma nyingi za kulipia za filamu mtandaoni hutoa picha ya kiwango cha chini kwenye Linux, kwa sababu mfumo wao wa kulinda hakimiliki hauipi Linux hadhi inayopewa runinga janja au simu. Mechi za moja kwa moja za ligi na mashindano makubwa huja kwa king'amuzi chenye malipo yake. Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni 2026, na AFCON ya 2027 itachezwa hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Anayenunua kompyuta akidhani itachukua nafasi ya king'amuzi kwa mashindano hayo atavunjika moyo.

Mwenye kibanda anabaki pia na wajibu wake wa kisheria. Kuonyesha filamu kwa umma kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na haki za wenye kazi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kubadilisha mfumo endeshi hakubadilishi hayo.

Jambo jingine ni tundu la kuunganishia. Kompyuta nyingi za ofisi zina DisplayPort na hazina HDMI, hivyo bei ya adapta ijumlishwe mapema. Zile zenye VGA tu zitapeleka picha bila sauti, na utahitaji waya wa pili kwenda kwenye spika.

Namna ya kupima kabla ya kulipa

Faida moja ya Linux ni kwamba huhitaji kuiweka kwenye mashine ili kuijaribu. Andaa flashi yenye Linux Mint, nenda nayo dukani, na uombe mashine iwashwe kutoka kwenye flashi hiyo. Muuzaji anayekataa amekupa jibu tayari.

Kwanza, fungua terminali na uandike lspci. Orodha itakayotokea inaonyesha jina la chipu ya picha. Hii ni muhimu hasa kwa kadi za kuongeza, kwa kuwa ziko kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani imeandikwa upya ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Jina likionekana zuri lakini hatua inayofuata ikashindwa, shuku.

Pili, andika vainfo. Kama haimo, huwekwa kwa dakika chache ukiwa na intaneti ya simu. Kwa Intel na AMD itaorodhesha kodeki ambazo chipu inaweza kuzifungua. Tafuta mstari wenye HEVCMain10 na mwingine wenye VP9Profile0, ukiishia na neno VLD. Ukiiona yote miwili, chipu inazifungua kodeki hizo. NVIDIA hutumia njia yake tofauti, hivyo jaribio hili linaweza kushindwa hata kwa kadi nzima. Kwa kadi hizo tegemea hatua ya tatu, draiva ya NVIDIA ikiwa imewekwa.

Tatu, cheza faili lako mwenyewe la H.265, kwa kicheza video cha mpv ukiwa umeweka agizo la hwdec=auto, huku terminali nyingine ikionyesha top. Prosesa ikibaki chini, chini ya sehemu moja ya tano ya uwezo wake, kazi inafanywa na chipu ya picha. Ikiruka juu hadi karibu na mwisho, kazi inafanywa na prosesa. Acha filamu icheze dakika 10 na usikilize feni.

Kwa anayetaka mashine iwake moja kwa moja kwenye menyu ya filamu, kama king'amuzi, lipo toleo dogo la Linux liitwalo LibreELEC linaloendesha Kodi peke yake. Kwa anayetaka pia kuvinjari mtandao, Linux Mint inafaa zaidi. Tangu toleo la 115 la mwaka 2023, Firefox hutumia chipu ya Intel kufungua video bila kurekebishwa.

Nani atoe taarifa?

Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za elektroniki, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kila kompyuta inayofika kwenye gati au barabara ya Mwanza huwa na safari mbili mbele yake. Inaweza kuhudumia familia kwa miaka mingine mitano, au ikakwama kwenye kabati baada ya miezi sita na hatimaye kuishia dampo.

Kwa sehemu kubwa, tofauti kati ya safari hizo mbili ni taarifa ya mistari miwili. Lebo za bei hutaja RAM, ukubwa wa diski na neno "core i5". Neno hilo peke yake halina maana, kwa kuwa i5 ya mwaka 2013 na i5 ya mwaka 2017 ni mashine tofauti kabisa mbele ya filamu ya H.265. Duka linaloandika namba kamili ya prosesa, na kusema kama mashine inafungua H.265 ya biti 10, halipotezi chochote. Linamzuia mteja kurudi na malalamiko.

Hadi hilo liwe desturi, jukumu linabaki kwa mnunuzi. Atakapofika dukani akiwa na fedha ya mashine moja, aulize namba kamili ya prosesa kabla ya kuuliza GB za kadi. Ikiwa inaanzia na 7, kadi aiache rafuni, na fedha iliyobaki anunue waya mzuri, kidhibiti umeme na diski ya kuwekea filamu.